Makufuli ya Afande Odur

Rosalba alimleta mumewe katika kituo cha ushauri nasaha cha Kisugu akiwa amebeba mfuko wa sandarusi. Alipouweka juu ya meza ya mshauri, Adero, meza ilitikisika. Ndani mlikuwa na makufuli tele: mapya, yenye kutu, ya dukani, ya getini, mengine yakiwa bado yamening'inia kwenye vipande vya mnyororo. Yote yalikuwa yamekatwa.

"Dada, hizi si zetu," Rosalba alisema. "Ni za majirani. Hii kubwa ni ya duka ya Jibril. Hii ya kanisa. Anakata, halafu anasema hakukata."

"Mimi hapana sema hapana kata," mumewe alijibu kutoka mlangoni. "Mimi nasema hapana kumbuka."

Odur alikuwa polisi wa kikosi cha zimamoto, mtu mrefu kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Hakuwa ameingia. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine nje, na bega lake lilikuwa limeuegemea mlango usije ukajifunga.

"Karibu uketi, Afande," Adero alisema.

"Mlango ikae wazi."

"Itakaa wazi."

Ndipo akaingia, akavuta kiti hadi mahali alipoweza kuona nje, akaketi. Lakini jirani na kituo palikuwa na mafundi wa kuchomelea mageti, na walipowasha mashine yao harufu ya chuma cha moto ikajaa chumbani. Odur akasimama tena, uso umebadilika rangi. Kikao cha kwanza kilifanyikia nyuma ya jengo, kwenye viti vya plastiki, baina ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo.

Adero alikuwa Mkenya wa Kisumu. Alikuja Kampala kusomea ushauri nasaha, akapata kazi, akabaki. Washauri wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja wafadhili walipopunguza fedha, na wateja wao wote wakamwangukia yeye. Siku hizo alikuwa akiamka amechoka. Asubuhi, kutoka kwake Ntinda, foleni ilimpa muda wa kutosha kuamua kuacha kazi. Jioni ilimpa muda wa kutosha kubadili nia. Alimsalimia Odur kwa Kijaluo, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Odur alielewa, akatabasamu kidogo, lakini akajibu kwa Kiswahili chake cha kambini kisichojali ngeli.

"Tuongee hii. Hii ni lugha ya kazi. Ile ingine iko na mama yangu ndani."

Basi wakaongea hiyo.

Mwaka uliotangulia, bweni la wasichana la shule moja nje ya mji lilishika moto usiku. Gari la Odur ndilo lililofika kwanza. Alikumbuka king'ora. Alikumbuka geti la shule, na matope, na jinsi alivyoruka chini kabla gari halijasimama, mkononi ana mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Alikumbuka kwamba alikuwa anakimbia.

"Halafu niko kambini," alisema. "Nasimama kwa bomba. Dereva yangu, Taban, ananiosha mikono. Ananiambia pole, pole. Asubuhi imefika."

"Na katikati?"

Aligeuza viganja vyake juu. Ngozi ilikuwa imekunjamana, inang'aa, ya waridi. "Hii iliniungua wapi, hapana jua. Watu wanasema watoto walikufa. Gazeti iliandika. Mimi hapana soma."

Tangu siku ile alikuwa akipoteza vipande vya siku. Anatoka kazini akienda nyumbani, anajikuta mahali pengine, jua limehama, mikono ina grisi, mfukoni kuna kufuli. Kila mlango uliofungwa ulimkaba. Akipita mbele ya duka lenye kufuli alisikia kifua kinajaa, kama mtu aliyezuia pumzi majini, na hakukuwa na namna ya kupumua ila kwa kulifungua.

Odur alipokwenda msalani, Rosalba alisogeza kiti chake karibu. "Haya makufuli ningevumilia, dada. Majirani wanatujua, tunawaomba radhi. Lakini tuna binti, Aol. Amekuwa mkubwa sasa. Akiingia kuoga akafunga komeo, baba yake anasikia ile sauti tu, anausukuma mlango mpaka misumari inang'oka. Hamtazami mtoto, anatazama mlango. Lakini mtoto anajuaje? Sasa anaoga amevaa nguo."

Adero aliandika hilo, kisha akaacha kuandika.

Walianza polepole. Daktari wa magonjwa ya akili alimpa Odur dawa, na kikosi kikamtoa kwenye gari kikamweka ofisini. Adero alimfundisha kukanyaga ardhi kwa nguvu anapohisi anaanza kupotea, kutaja kwa sauti vitu anavyoviona, kugusa kitu cha baridi. Odur alikuwa mwanafunzi mtiifu kama askari, akatekeleza kila kitu kama amri. Kuna wiki alifika na uso mwepesi. Kuna wiki hakufika kabisa, na Rosalba akapiga simu kusema kufuli la kanisa limekatwa tena, jipya, na padri amechoka kusamehe.

Adero naye alikuwa amechoka. Alikuwa na wateja wengine, kila mmoja na moto wake. Jioni alikula amesimama jikoni, akalala bila kuongea na mtu. Rafiki yake mmoja wa nyumbani alimuuliza kwenye simu kama bado anaipenda kazi yake, naye akajibu, "Sijui, niulize nikiwa nimelala vizuri."

Kisha akaja Wakili Nangila.

Alikuwa mwanamke wa Busia, mwenye sauti ya chini, na aliwatetea wazazi waliofiwa na watoto katika moto ule. Mwenye shule alikuwa ameshtakiwa kwamba bweni lilifungwa kwa nje usiku, watoto wakiwa ndani. Mwenye shule alikana. Mlango haukuwa umefungwa, alisema. Watoto walitaharuki wakasukumana, basi. Vifusi vilikuwa vimesombwa na tingatinga kabla mtu hajatafuta kufuli. Wasichana walionusurika walisema mlango ulifungwa, lakini upande wa utetezi ulikuwa tayari kusema wamefundishwa maneno. Mtu mzima aliyeufikia mlango ule alikuwa mmoja tu.

"Nimeongea naye mwenyewe," Nangila alimwambia Adero. "Ameniambia anakuja kwako, na ameniruhusu nikuone. Anasema hakumbuki. Wewe unaweza kumsaidia akumbuke."

"Namsaidia aishi," Adero alisema. "Kukumbuka kukija, kutakuja."

"Kutakuja lini? Kesi haingoji. Nina baba mmoja kule Kisenyi, kila Ijumaa ananiuliza kama mtoto wake aliugonga mlango. Nimwambie nini?"

Nangila hakuwa mtu mbaya, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye naye halali. Waliagana kwa heshima. Lakini tangu siku ile wakili alipiga simu mara kwa mara, na kila simu ilimwachia Adero uzito fulani mabegani.

Siku moja, saa za mchana, simu iliyopigwa haikuwa ya Nangila. Alikuwa polisi wa kituo kidogo huko Mengo. Walikuwa na mwanamume aliyekutwa na kadi ya Adero katika mfuko wa shati, na wakati huo hakuweza kutaja jina lake.

Adero alipanda bodaboda, mkoba kifuani, akafika amejaa vumbi. Odur alikuwa ameketi kwenye benchi, mdomo umepasuka, kiatu kimoja hakipo. Kando yake alisimama mtu mfupi mwenye kofia nyeupe ya kufuma, aliyejitambulisha kuwa ni Taban, dereva wa gari la zimamoto. Yeye alikuwa amepigiwa simu pia.

Polisi alieleza. Odur alikutwa kwenye geti la shule moja ya zamani, analikata kufuli. Watu wa bodaboda wakapiga kelele kwamba ni mwizi wa watoto. Mawe yalikuwa yameanza kurushwa mlinzi wa shule alipomvuta ndani na kumfungia kwenye kibanda chake. Humo kibandani ndimo alimopiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Madamu," Odur alisema alipomwona Adero. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Mimi nimefanya nini?"

"Ulitaka kufungua geti la shule."

"Watoto walikuwa ndani?"

"Walikuwa ndani."

"Walitoka?"

Adero aliketi kando yake. "Hawakuhitaji kutoka, Afande. Ilikuwa mapumziko. Walikuwa wanakula maandazi."

Odur aliyasikiliza maneno hayo kwa muda, kama mtu anayesikiliza lugha anayoijua nusu. Kisha akafunika uso wake kwa viganja vyenye makovu.

Taban alimtoa Adero nje hadi penye kivuli cha ukuta. "Mimi nilikuwa na bomba, upande wa nyuma," alisema bila kuulizwa. "Mlango sikuona. Lakini yeye nilimwona. Alitoka na mtoto, akarudi. Akatoka na wengine, akarudi. Mara ya mwisho alitoka bila kitu, akakaa chini kwa maji. Alikuwa ameshika kitu hataki kuachia. Tulimfungua vidole kimoja kimoja. Ilikuwa nini, hapana jua, mimi nilikuwa naangalia ile mikono. Ngozi ilikuwa inatoka."

"Umewahi kumwambia?"

"Hapana. Naogopa. Nimwambie?"

Adero alifikiri. Aliwaza juu ya Nangila, na yule baba wa Kisenyi. Ingekuwa rahisi sana Odur ayachukue maneno ya Taban kama kumbukumbu yake. "Mngoje aulize mwenyewe," alisema. "Akiuliza, mwambie ulichoona. Usiongeze hata kidogo."

Wiki iliyofuata Nangila alipiga simu asubuhi, tarehe ya Odur kutoa ushahidi mahakamani ikiwa imetajwa. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo hapakuwa na kukaa nje, na mafundi wa mageti hawakuwa kazini. Odur aliketi chumbani, mlango wazi, matone yakiruka hadi kwenye zulia. Adero hakuwa amelala. Mteja wa kabla yake alikuwa amelia muda wote, na mteja wa baada yake alikuwa tayari amefika, amekaa barazani na mwavuli unaochuruzika.

Akamwongoza Odur kama kawaida, king'ora, geti, matope. Walipofika pale ambapo siku zote walisimama, Adero hakusimama.

"Mkono wako," alisema, "ulipogusa kufuli. Lilikuwaje?"

Alilisikia neno likitoka mdomoni mwake. Odur hakuwa amewahi kulitaja kufuli la usiku ule, hata mara moja.

Odur aliinua macho. Akamtazama mshauri wake kwa makini, uso wake, mabega yake, kikombe cha chai kilichopoa.

"Ndiyo," alisema. "Kufuli ilikuwa. Kubwa. Rangi ya dhahabu."

"Rangi ya dhahabu?"

"Eeh. Na shingo ya fedha. Ilikuwa imefungwa, kabisa kabisa. Kutoka nje."

Adero aliinamia daftari, akaandika. Kisha akafuata macho ya Odur. Yalikuwa yanatazama kabati la mafaili nyuma yake, na kwenye kabati hilo lilining'inia kufuli la rangi ya dhahabu, shingo ya fedha.

Mvua iliendelea. Adero aliweka kalamu chini.

"Afande, hiyo unaikumbuka, au unanipa?"

Odur alisugua viganja vyake kwenye suruali.

"Madamu, wewe umechoka," alisema hatimaye. "Mimi naona. Kila wiki unavuta, unavuta, hapana toka kitu. Yule wakili naye anavuta. Nikasema, leo nimpe, apumzike."

Adero alisikia haya ikimpanda hadi masikioni. Yeye ndiye aliyepaswa kumbeba mtu huyu, na mtu huyu alikuwa amemwona akipepesuka, akajitolea kumbeba kwa kitu pekee alichodhani anacho.

"Nimekosea," alisema. "Swali lile halikuwa zuri. Nililiuliza kwa sababu nimechoka, na wewe hupaswi kulipa uchovu wangu. Naomba unisamehe."

"Hakuna neno."

"Neno lipo. Nisikilize. Ukisimama mahakamani ukasema dhahabu, na kumbe halikuwa dhahabu, wewe mwenyewe hutajua tena kipi ni chako na kipi ulikiokota. Ukiwa na tundu, ujue ni tundu. Tusilijaze takataka."

Odur alitikisa kichwa taratibu. "Na kama haitarudi?"

"Huenda isirudi. Sitakudanganya."

Alidhani angevunjika moyo. Badala yake Odur aliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja pale, akanyoosha miguu yake mirefu mpaka ikagusa meza. "Basi kumbe naweza kuacha kutafuta," alisema.

Adero alimpigia Nangila simu mchana uleule, akamwambia asitegemee kitu kuhusu kufuli. "Umenikatia mguu," wakili alisema, kisha akakata simu. Adero akapiga simu nyingine, kwa mwalimu wake wa zamani aliyemfundisha kazi, akamwambia kilichotokea, akaomba wawe wanaonana. Kisha akamwambia mwenyekiti wa kituo kwamba hatapokea mteja mpya mpaka apatikane mshauri wa pili. Mwenyekiti alinung'unika, lakini akaandika.

Baada ya siku ile waliacha kuutafuta usiku wa moto, wakarudi kwenye milango. Adero alilitoa kufuli la kabati, akamwekea Odur mezani, likiwa wazi. Kazi ilikuwa kukaa nalo. Wakati mwingine akalifunga, bila kufungia kitu chochote, na Odur akakaa nalo hivyo, jasho likimtiririka, akitaja vitu anavyoviona: tangi, kamba, shati la bluu, kuku wa jirani. Kisha wakalifunga kwenye kabati tupu. Odur alisimama, akaenda hadi dirishani, akarudi.

"Inaniambia kuna mtu ndani," alisema.

"Unajua kuna nini ndani?"

"Hapana kitu. Mimi mwenyewe niliona."

"Basi acha iseme."

Iliendelea kusema. Lakini wiki baada ya wiki sauti yake ilichoka kabla ya Odur. Wakahamia milango halisi, mlango wa chumba, Adero akiwa ndani na Odur nje, halafu Odur ndani. Siku alipokaa ndani mlango umefungwa mpaka mwisho wa kikao, alitoka akaenda moja kwa moja kwa mafundi wa mageti, akasimama kando yao kidogo akiwatazama, akatapika mtaroni, akarudi akicheka.

Nyumbani walijaribu wakiwa wote watatu. Aol ndiye aliyepanga namna. Aliingia bafuni na beseni lake, akafunga komeo, na akawa anaimba muda wote ili baba yake asikie kwamba yuko hai na hajambo. Odur alikaa uani kwenye kigoda, Rosalba amemshika mkono wa shati. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akaufikia mlango, akauwekea paji la uso wake, bila kuusukuma. Aol akaendelea kuimba, sauti ikitetemeka kidogo. Alipotoka, amejifunga leso, nywele zinachuruzika, hakumsemesha baba yake. Alipita tu, akamgusa bega, akaenda kuvaa. Rosalba aliyasimulia haya kwa Adero akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa na haraka ya kurudi sokoni, na alipomaliza akasahau kuondoka.

Katika siku hizo Odur alimuuliza Taban kuhusu usiku ule. Walikuwa wanaosha gari. Taban alizima maji, akamwambia alichokiona, na hakuongeza kitu. Odur alimshukuru, wakamaliza kuosha gari.

"Sasa unakumbuka?" Adero alimuuliza.

"Hapana. Sasa nimeambiwa. Ni kama mtu ananiambia habari ya ndugu yangu."

Siku ya mahakama Adero alienda pamoja na Rosalba, wakakaa nyuma. Odur aliomba kusema Kiswahili, akapewa mkalimani. Nangila alikaa na wazazi, hakugeuka. Odur alieleza king'ora, geti, matope, mkasi mkononi. Kisha akasema, "Halafu nilikuwa kambini, asubuhi."

Wakili wa utetezi alisimama, kijana nadhifu, akatabasamu. "Kwa hiyo hujui kama mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hapo mimi hapana kumbuka."

"Hujui hata kama kulikuwa na kufuli?"

"Hapana kumbuka."

"Afande, wewe ni polisi. Unakuja mbele ya mahakama kutuambia hukumbuki kazi yako?"

Odur alishika ukingo wa kizimba. Rosalba alipenyeza vidole vyake katika vidole vya Adero. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa, na askari amesimama mbele yake.

"Mimi nimekuja kusema ile ninajua," Odur alijibu. "Ile sijui, nikisema, itakuwa uongo. Watoto wale hapana stahili uongo."

Mkalimani alitafsiri. Wakili aliketi. Baada ya Odur aliitwa msichana mmoja aliyenusurika, amekua kidogo kuzidi sare yake, naye akaeleza jinsi matroni alivyokuwa akizungusha mnyororo mlangoni kila usiku baada ya sala, na jinsi walivyozoea kuusikia wakiwa wamelala. Aliulizwa maswali mengi, hakuyumba. Kesi ikaahirishwa hadi baada ya likizo ya mahakama.

Walitoka wakaingia kwenye kibanda cha chakula nyuma ya mahakama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kwenda mbali. Rosalba aliagiza matoke na mchuzi wa njugu. Odur aliketi hajagusa sahani, shati limeloa mgongoni. Adero alimsogezea maji.

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa na wazazi mahakamani aliingia, akatazama huku na huku, akaja mezani kwao. Alikuwa amevaa koti la suti lililoshonwa vizuri sana, na shingoni alikuwa amesahau utepe wa kupimia wa fundi nguo.

"Mimi ni Tresor," alisema kwa Kiswahili cha Kongo. "Baba ya Riziki."

Odur alisimama haraka, kiti kikaanguka nyuma yake. Alisimama wima, mikono ubavuni, kama anayesubiri kupigwa.

"Ulisema haukumbuke," Tresor alisema.

"Eeh. Sikumbuki. Nisamehe, mzee."

"Mimi pia." Tresor alipangusa uso kwa kiganja. "Walinipigia simu, nikaenda kule. Bibi yangu, mama ya Riziki, anasema nililala chini, nilikula udongo. Anasema nilipiga mtu. Mimi sikumbuke. Nakumbuka tu niko nyumbani, nashona kola. Nilifikiri ni mimi peke yangu niko hivi. Nilikuwa naogopa kusema."

Mama mwenye kibanda aliinua kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akaenda zake.

"Ulitoa watoto?" Tresor aliuliza.

"Wanasema nilitoa."

"Basi labda ulimushika wangu. Hata kidogo."

Adero alijua jibu lililokuwa rahisi, jibu ambalo mtu yeyote mwenye moyo angelitoa.

"Sijui, mzee," Odur alisema. "Ningependa kusema ndiyo."

"Najua haujui. Nimekusikia kule ndani." Tresor alivuta kiti, akakaa. Baada ya muda Odur naye akakaa. Tresor aliitazama sahani ya matoke iliyokuwa inapoa katikati ya meza, akamuuliza Rosalba kama chakula cha hapa kina chumvi ya kutosha, maana yeye tangu asubuhi hajala kitu. Rosalba akamsogezea. Odur alikata kipande, akala, na Tresor akala kutoka upande wa pili wa sahani ileile, wakizungumza kidogo kuhusu Riziki, ambaye alipenda kuvaa viatu vya mama yake na hakuweza kukaa kimya kanisani.

Simu ya Adero ililia. Mteja wake wa saa tisa alikuwa amefika mapema, yuko kituoni. Adero alimwambia angoje, kwamba atachelewa kidogo, kisha akamwomba mama mwenye kibanda amletee na yeye sahani.